Atlasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukilitafuta neno hili kwenye intaneti, utaletewa kitabu cha ramani, safu ya milima, mfupa wa shingo, nondo mkubwa, roketi, nyotamkia na kitambaa, vyote kwa jina moja. Majibu yaliyo hapa chini hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Atlasi ni nini?

Mtu akisema "atlasi" bila kuongeza neno, anakusudia kitabu cha ramani. Lakini si kila rundo la ramani ni atlasi. Ukikusanya ramani ishirini kutoka huku na kule ukazishona pamoja, utakuwa na ramani ishirini zilizoshonwa. Atlasi hupangwa tangu mwanzo iwe kitu kimoja: rangi ya mto ni ileile ukurasa wa tano na ukurasa wa sabini, alama ya mji mkuu haibadiliki, na mwishoni kuna faharasa inayokuambia kila jina liko ukurasa gani na kwenye mraba upi.

Jina lilianzia wapi?

Kwa Wagiriki wa kale. Katika masimulizi yao, Atlas ni mmoja wa Matitani, kizazi cha miungu kilichotawala kabla ya Zeus. Baba yake ni Iapetos, na ndugu yake ni Prometheus, yule aliyeiba moto akawapa wanadamu. Matitani walipigana na Zeus, wakashindwa, na Atlas akapewa adhabu ya kuishikilia mbingu isiiangukie ardhi. Mshairi Hesiod anamweka mwisho wa dunia upande wa magharibi, akiwa amesimama, mbingu iko kichwani na mikononi mwake.

Wataalamu wengi hulihusisha jina lake na mzizi wa Kigiriki wenye maana ya kubeba na kustahimili. Shikilia maana hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya matumizi yatakayofuata imejengwa juu yake: mahali palipo na kitu kinachobeba uzito mkubwa kwa utulivu, mtu mmoja alimkumbuka Atlas.

Alibeba dunia au mbingu?

Mbingu. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, na ningependa lisahihishwe hata kama msomaji hatasoma jibu jingine.

Katika masimulizi ya kale Atlas hajaibeba dunia. Amesimama juu yake. Angewezaje kuibeba na huku anaikanyaga? Homer anasema Atlas anavijua vilindi vyote vya bahari, na kwamba yeye ndiye mwenye nguzo zinazoitenganisha ardhi na mbingu. Kazi yake ni kuzuia vitu viwili visigusane.

Lililotuchanganya ni tufe. Katika jumba la makumbusho ya kale la Napoli, Italia, kuna sanamu ya marumaru ya enzi za Warumi, ya karne ya 2, inayojulikana kama Atlas wa Farnese. Mzee amepiga goti, amejitwika tufe kubwa mabegani. Ukilitazama kwa mbali utasema ni dunia. Ukilisogelea hutaona bara wala bahari. Utaona fahali, kaa, merikebu na wanyama wengine: ni zaidi ya makundi 40 ya nyota yaliyochongwa juu yake. Lile tufe ni mbingu, imechongwa kana kwamba mtazamaji yuko nje yake. Wasanii wa baadaye walichukua umbo hilohilo wakachora mabara pale palipokuwa na nyota, na tangu hapo Atlas amebebeshwa mzigo usio wake.

Kitabu cha ramani kilipataje jina la mbeba mbingu?

Kupitia Gerardus Mercator, mchora ramani aliyezaliwa mwaka 1512 Rupelmonde, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Alitumia miaka mingi ya uzee wake, akiishi Duisburg, Ujerumani, kuandaa kazi kubwa ya kueleza kuumbwa kwa ulimwengu na sura yake. Alifariki mwaka 1594 kabla haijakamilika. Mwanawe Rumold aliichapisha mwaka 1595, na neno la kwanza katika jina lake refu la Kilatini lilikuwa *Atlas*.

Sasa, Mercator hakumkusudia yule Titani aliyeadhibiwa. Alimkusudia mtu mwingine wa jina hilo: Mfalme Atlas wa Mauretania, yaani nchi ya kale ya kaskazini-magharibi mwa Afrika, ambaye kwa mapokeo alikuwa mwanafalsafa na mjuzi wa nyota, na ndiye aliyetengeneza tufe la kwanza la mbingu. Katika picha ya ukurasa wa jina, Atlas huyo hajainamishwa na mzigo. Tufe liko mikononi mwake, naye analichunguza kama fundi anayeichunguza kazi yake.

Tofauti hiyo naiona kubwa. Mercator alitaka kitabu chake kipewe jina la mtu anayeujua ulimwengu, na sisi tumekipa jina la mtu aliyeelemewa nao. Tena huyo mjuzi aliyemchagua, wa kweli au wa hadithi, ni mfalme wa Afrika.

Je, kabla ya Mercator hapakuwa na atlasi?

Kitu kilikuwepo, jina halikuwepo. Tarehe 20 Mei 1570, jijini Antwerp, Abraham Ortelius alitoa *Theatrum Orbis Terrarum*, kitabu chenye karatasi 53 za ramani zilizochongwa kwa ukubwa mmoja na kuambatana na maelezo. Wanahistoria wengi hukihesabu kuwa atlasi ya kwanza ya kisasa. Ortelius alikuwa na uungwana ambao si wachapishaji wote wa zama zake waliokuwa nao: aliorodhesha majina ya wachora ramani ambao kazi zao zilimsaidia. Naye Mercator alikuwa rafiki yake.

Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Ptolemy wa Aleksandria, ambaye karne ya 2 aliandika namna ya kuchora ramani kwa latitudo na longitudo, na al-Idrisi, aliyemaliza mwaka 1154 kazi yake kuu ya jiografia kwa Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, yenye ramani za sehemu kwa sehemu za dunia iliyojulikana. Ipo pia ile inayoitwa Atlasi ya Kikatalani, ya mwaka 1375, inayohusishwa na Abraham Cresques wa Majorca na kuhifadhiwa Paris. Ndani yake Mansa Musa wa Mali ameketi kwenye kiti cha enzi, kipande cha dhahabu mkononi. Hiyo ya mwisho tunaiita atlasi leo, ila walioichora hawakuijua kwa jina hilo. Neno lilikuwa bado miaka zaidi ya 200 mbele.

Bahari ya Atlantiki inahusiana na Atlas?

Ndiyo. Katika Kigiriki jina Atlas likinyambuliwa hupata shina *Atlant-*, na humo ndimo ilimotoka Atlantiki: bahari ya Atlas, iliyo kule magharibi alikosimama. Kiarabu kinauonyesha undugu huo waziwazi zaidi, kwa kuwa bahari hiyo huitwa *al-Muhit al-Atlasi*.

Kisiwa cha hadithi cha Atlantis nacho kimo katika ukoo huo, ila kwa tawi jingine. Plato anasema mfalme wake wa kwanza aliitwa Atlas, mwana wa Poseidon. Huyo si Titani wala si mfalme mjuzi wa Mercator. Ni Atlas wa tatu.

Na Milima ya Atlasi?

Safu hii inapita Moroko, Algeria na Tunisia kwa takriban kilomita 2,500, ikiitenga pwani na jangwa la Sahara. Kilele chake kirefu zaidi ni Toubkal nchini Moroko, mita 4,167, ambacho pia ndicho kirefu kuliko vyote Afrika ya Kaskazini. Ni milima iliyoinuliwa na msukumano wa bamba la Afrika na la Ulaya, na ardhi yake haijatulia kabisa: usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 liliua watu zaidi ya 2,900 Moroko, wengi wao katika vijiji vya Atlasi ya Juu.

Wagiriki walisikia habari za mlima mrefu kule magharibi ambao kilele chake hufichwa na mawingu. Herodotus aliandika kwamba wenyeji wake waliuita nguzo ya mbingu. Baadaye wakawa na simulizi la kuunganisha mambo: shujaa Perseus alimwonyesha Atlas kichwa cha Gorgon, zimwi ambalo kila aliyelitazama aligeuka jiwe, Atlas naye akageuka jiwe, mifupa yake ikawa mawe na ndevu zake msitu.

Lakini milima hiyo ilikuwa na jina kabla ya kupewa la Kigiriki. Mwanajiografia Strabo, miaka 2,000 iliyopita, aliandika kwamba kile Wagiriki wanachokiita Atlas wenyeji wanakiita Dyris. Na Waamazighi, wenyeji wa milima hiyo hadi leo, wanayo Adrar n Dern, mlima wa Dern. Yasikilize majina hayo mawili pamoja: Dyris, Dern. Watawala wamepita na lugha za utawala zimebadilika, na jina la kienyeji bado limo vinywani mwa watu.

Kwa wapenzi wa soka, "Simba wa Atlasi" ni timu ya taifa ya Moroko, iliyokuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mwaka 2022 nchini Qatar. Simba wenyewe walioishi katika milima hiyo wametoweka porini.

Daktari anaposema "atlasi" anamaanisha nini?

Pingili ya kwanza kabisa ya uti wa mgongo, ile inayolipokea fuvu. Iliitwa hivyo kwa kuwa imebeba kichwa jinsi Atlas alivyobeba tufe lake, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5.

Haifanani na pingili nyingine. Nyingine zina kiwiliwili kinene cha mfupa kwa mbele. Atlasi ni pete. Juu yake kuna vijibonde viwili ambamo fuvu hukaa na kubembea mbele na nyuma: hapo ndipo unapoitikia kwa kichwa. Chini yake ipo pingili ya pili, aksisi, yenye kijino cha mfupa kinachosimama ndani ya pete ya atlasi kama mhimili. Ukigeuza uso kulia na kushoto kukataa jambo, atlasi pamoja na fuvu vinazunguka kwenye kijino hicho. Kwa hiyo kukubali kunafanyika juu ya atlasi na kukataa kunafanyika chini yake. Tangu nilipojifunza hilo sijawahi kutikisa kichwa bila kulikumbuka.

Kamusi ya zamani inasema atlasi ni kitambaa. Imekosea?

Haijakosea hata kidogo. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, atlasi ni kitambaa cha hariri chenye uso laini unaong'aa, kile ambacho wengi sasa hukiita satini. Na hapa ndipo watu hujikwaa, kwa sababu hujaribu kukiunganisha kitambaa na Titani. Hawana uhusiano.

Atlasi ya kitambaa inatoka katika neno la Kiarabu *atlas*, lenye maana ya kitu laini, kisicho na nyuzi zilizosimama wala alama. Kwa njia ya biashara ya hariri neno hilo lilienea mbali: Wauzbeki na Wauyghuri wana atlasi yao ya hariri yenye rangi nyingi, Wajerumani huita satini *Atlas*, na Warusi huyatenganisha maneno hayo mawili kwa mkazo tu: ukiwa mwanzoni ni kitabu cha ramani, ukiwa mwishoni ni kitambaa. Sisi Waswahili mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho bila kubadilika, basi tunategemea muktadha. "Amevaa atlasi" na "amefungua atlasi" havichanganyiki.

Kuna sadfa moja ninayoipenda. Wanafalaki wa Kiislamu wa zamani waliihesabu mbingu kuwa na matabaka, na tabaka la juu kabisa, lisilo na nyota hata moja, waliliita *al-falak al-atlas*: mbingu laini, kama kitambaa kisichotariziwa. Neno lisilo na udugu wowote na Atlas wa Kigiriki likapanda likafika juu ya mbingu ileile aliyoishikilia.

Kwa nini sanamu za wanaume kwenye majengo huitwa atlasi?

Ni nguzo zilizochongwa umbo la mwanaume anayebeba dari au roshani. Warumi waliziita telamoni. Zikiwa na umbo la mwanamke huitwa kariatidi. Kumi maarufu, za granaiti, ziko mbele ya Hermitage Mpya huko Saint Petersburg, Urusi.

Angani kuna Atlas ngapi?

Kadhaa. Kwanza ni nyota iliyomo katika Kilimia. Wagiriki waliliita kundi hilo Pleiades, mabinti saba wa Atlas, na nyota mbili za pembeni zikapewa majina ya wazazi: Atlas na Pleione. Msemaji wa Kiswahili analijua kundi hilo kwa kazi nyingine kabisa, maana Kilimia ni cha kulima: kilimwambia mkulima majira yamegeuka. Nyota zilezile, wengine wakaziona familia na wengine wakaona kalenda ya shamba.

Pili ni mwezi mdogo wa Zohali, uliogunduliwa mwaka 1980 katika picha za chombo Voyager 1. Upana wake ni kama kilomita 30, na kiunoni una ukingo mpana unaoufanya ufanane na sahani mbili zilizofunikizana.

Tatu ni ATLAS kwa herufi kubwa, mtandao wa darubini zinazotafuta asteroidi zinazoweza kuigonga dunia. Zipo Hawaii, Chile na Afrika Kusini, miongoni mwa sehemu nyingine. Nyotamkia zinazogunduliwa na darubini hizo hupewa jina lake, ndiyo maana habari za nyotamkia "Atlas" hurudi kila mara na kuonekana kama ni moja. Iliyozungumzwa sana ni 3I/ATLAS, iliyoonekana tarehe 1 Julai 2025 na darubini ya Chile. Herufi na namba zilizo mwanzoni zinamaanisha ni kitu cha tatu kujulikana kilichotoka nje ya mfumo wetu wa jua, baada ya ʻOumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019.

Na kwenye sayansi na mitambo?

Jina linapendwa sana na wahandisi. ATLAS ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ni chombo cha kuchunguza chembe ndogo kuliko atomi. Kina urefu wa mita 46, kipenyo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000, nacho kimo pangoni kama mita 100 chini ya ardhi. Tarehe 4 Julai 2012, watafiti wake pamoja na wenzao wa chombo cha CMS walitangaza kuona chembe mpya, iliyothibitishwa baadaye kuwa ni chembe ya Higgs.

Atlas ni pia roketi ya Marekani, iliyoanza kama kombora la masafa marefu, kisha ikambeba John Glenn kuizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Manchester kilizindua kompyuta iliyoitwa Atlas. Na tangu 2013 kuna roboti ya Boston Dynamics ya jina hilo, yenye umbo la binadamu.

Nondo atlasi ni mkubwa kiasi gani?

Mabawa yake yakitandazwa hufikia kama sentimita 24. Anaishi Asia, hasa kusini na kusini-mashariki. Akishakuwa nondo kamili hali chochote, kwa kuwa kinywa chake hakifanyi kazi. Huishi siku chache kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi.

Nimeona "atlasi ya ubongo" na "atlasi ya lugha". Hizo nazo ni atlasi?

Ni atlasi halali. Kilichopanuka ni maana ya "mahali". Atlasi ya lugha huonyesha watu wa kila eneo wanatamkaje au wanatumia neno gani kwa kitu kilekile. Ile ya Ufaransa iliyotolewa kati ya 1902 na 1910 ilikusanywa na mtu mmoja, Edmond Edmont, aliyezunguka vijiji zaidi ya 600 akiwahoji watu na kuandika matamshi yao. Hebu fikiria subira hiyo. Atlasi ya ubongo hufanya vivyo hivyo ndani ya kichwa: sehemu hii iko wapi, imepakana na nini, inafanya nini.

Kwa nini Greenland huonekana kubwa karibu sawa na Afrika?

Kwa sababu ngozi ya tufe haiwezi kulazwa juu ya karatasi bila kuvutwa. Kila ramani bapa huharibu kitu: umbo, eneo, umbali au uelekeo. Mwaka 1569 Mercator, yuleyule, alibuni namna ya kuchora inayomhifadhia baharia uelekeo wa dira, na gharama yake ni kwamba nchi hutanuka kadiri zinavyoikaribia ncha ya dunia. Afrika ina kilomita za mraba milioni 30 na ushee. Greenland haifiki milioni 2.2. Afrika ni kubwa mara 14 hivi.

Mercator hakudanganya. Chombo cha baharia kilitundikwa ukutani mwa darasa, na vizazi vikajifunza ukubwa wa mabara kwenye ramani isiyotengenezwa kwa kazi hiyo. Atlasi nzuri hutaja chini ya kila ramani imechorwa kwa namna gani. Pasome hapo kabla ya kulinganisha nchi.

Angalia na skeli. 1:1,000,000 maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilomita 10 za ardhini. Na usishangae 1:50,000 kuitwa skeli kubwa kuliko 1:5,000,000. Hizo ni sehemu, na moja ya elfu hamsini ni kubwa kuliko moja ya milioni tano.

Niandike "atlas" au "atlasi"?

Kwa kitabu, kitambaa na mfupa, andika atlasi kwa herufi ndogo: atlasi hii, atlasi hizi. Milima ni Milima ya Atlasi. Titani ni Atlas kama mtu mwingine yeyote: Atlas amebeba, Atlas alishindwa. Mradi ambao jina lake ni ufupisho, kama wa CERN au wa darubini, huandikwa kwa herufi kubwa tupu.

Simu ina ramani. Atlasi ya karatasi bado ina faida?

Kwa kukufikisha nyumba fulani, simu imeshinda. Lakini ramani ya simu hukuweka wewe katikati na kukuonyesha kilicho karibu nawe. Ukurasa wa atlasi hauna habari na ulipo. Unatafuta mto mmoja, jicho linafuata mkondo wake, linavuka mpaka, linakutana na ziwa ambalo hukuwa unalitafuta, na kabla hujafunga kitabu umejua maji ya nchi hii yanatoka kwa jirani yupi. Mtoto anayejifunza jiografia mpe kwanza atlasi, umwache aifungue popote.